Wanaoikata Aya Katikati



Kila bahari inapochafuka, na khasa kila baada ya msiba, huletwa misikitini na barazani aya mbili za Qur'ani zikapiganishwa kama majogoo. Mmoja hushika aya ya 3 ya Suratut-Talaaq, inayotufunza kuwa mwenye kumtegemea Mwenyezi Mungu, Yeye humtosha, akasema: "Basi hao wakubwa na makatazo yao watuhusu nini?" Mwengine hushika aya ya 59 ya Suratun-Nisaa, iliyotuamrisha kuwatii wenye mamlaka, akasema: "Mkubwa akishanena, wajibu wako ni kunyamaza." Kisha hutokea kijana wa skuli aliyewasikiliza wote wawili, akauliza kwa kejeli mbona Kitabu chetu kinajipinga: huku tusimtegemee ila Mungu, huku tuwafuate binaadamu.

Kijana huyo simlaumu sana. Waliomtia katika shaka ni hao wawili, kila mmoja na kipande chake cha aya mkononi, na kipande kilichobaki amekificha chini ya msala. Hao ndio nitakaosema nao leo, wala sitawastahi, kwa kuwa mchezo wao unaua watu.

Wala mtu asidhani kuwa swali hili ni letu peke yetu. Jirani zetu Wakristo nao wanayo Zaburi ya 146 inayowaonya wasiweke tegemeo lao kwa wakuu, na wanao waraka wa Paulo kwa Warumi, mlango wa 13, unaowaamrisha kuitii mamlaka. Wao wana wanavyuoni wao, watajibu yao. Sisi tujibu yetu.

Kwanza yaangalie maneno yenyewe. Katika Qur'ani nzima hutaona pahala Mwenyezi Mungu alipotuamrisha kutawakali kwa kiumbe, awe mfalme, awe walii, awe mkuu wa wilaya. Tawakkul ni Yake peke Yake. Kwa wenye mamlaka neno lililotumika ni twaa, yaani kutii. Na kutii si kutegemea. Baharia humtii nahodha akiambiwa shusha tanga, lakini roho yake haimo mkononi mwa nahodha. Mwanafunzi humtii mwalimu akiambiwa andika alifu, lakini riziki yake haitoki kwa mwalimu. Haya ni maneno mawili yenye maana mbili, na mwenye kuyafanya moja ndiye anayeona mgongano. Ningeweza kusita hapa kama shida ingekuwa ni ya lugha tu. Lakini shida ni ya watu, basi tuwaendee watu.

Tumchukue wa kwanza, yule wa "bahari ni ya Mungu".

Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza kuwa kimbunga kinakuja pwani yetu, jina lake Hidaya. (Kwa Kiarabu neno hilo ni uongofu, na kwa Kiswahili chetu ni zawadi. Sijui nani hukaa akavipa vimbunga majina mazuri namna hii.) Wavuvi na wenye vyombo wakatahadharishwa wasitoke. Sasa kwetu Mafia kimbunga si jambo la kila mwaka. Yumkini mzee wako alikuwa akisimuliwa na babu yake dhoruba ya Unguja ya Aprili 1872, iliyong'oa mikarafuu na minazi na kuzamisha merikebu za Sayyid Barghash, au alisikia ile ya Lindi ya mwaka 1952. Lakini mvuvi wa leo hajapata kuiona kwa macho yake, na jambo ambalo mtu hajaliona huliita porojo. Basi barazani yakasemwa: sisi tumeanza kwenda dago kabla hao wa redioni hawajazaliwa, anayekufa hufa kwa siku yake, Mungu akitaka kukutwaa atakutwaa kitandani.

Kimbunga kikafika Mafia tarehe 4 Mei, na hapa hapa kikapoteza nguvu zake. Mvua zake ziliendelea bara zikakata barabara ya kusini huko Somanga, Kilwa, magari yakakwama siku kadhaa. Na wale wale wa barazani, badala ya kusema alhamdulillahi wakanyamaza, wakaongeza: "Mmeona? Aliyetulinda ni Mungu, si redio."

Ndugu yangu, aliyetulinda ni Mungu, hilo halina ubishi. Lakini nani aliyekwambia kuwa redio si miongoni mwa kinga Zake? Dawa ikikuponya husemi kuwa umeponywa na mti badala ya Mungu. Ngalawa iliyovutwa mchangani ikafungwa mnazini kwa kamba, kamba ni Yake, mnazi ni Wake, na yule kijana aliyekaa Dar es Salaam akipima upepo kwa vyombo vyake, akili yake ni ya nani kama si Yake? Imepokewa na Tirmidhi kuwa mtu alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake kisha atawakali, au amwache atawakali, naye akamwambia amfunge na atawakali. Hadithi hii kila mtu anaijua, wala hakuna anayekataa kuwa ngamia hufungwa. Ila ngalawa!

Na mtu huyu, lau angeendelea kusoma Suratun-Nisaa asiishie pale anapopapenda, angefika aya ya 71 akaona Waumini wanaamrishwa wachukue hadhari yao. Kisha angefika aya ya 83, nayo ndiyo inayomkata kabisa. Hapo Mwenyezi Mungu anawalaumu watu ambao khabari ya amani au ya khofu ikiwafikia huitangaza ovyo, na anabainisha kuwa lau wangeirejesha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka miongoni mwao, wangeijua wale wawezao kuichungua. Soma tena aya hiyo, msomaji, katika tafsiri yoyote uliyonayo nyumbani. Wenye mamlaka waliotajwa hapa wametajwa kwa sababu wana elimu ya kuichungua khabari, wala si kwa sababu wana bendera katika gari. Khabari ya kimbunga ni khabari ya khofu. Ikija, hurejeshwa kwa mwenye kuichungua, na mwenye kuichungua leo ni yule mwenye mitambo ya hali ya hewa. Kwa jambo hili, na kwa kadiri ya jambo hili, yeye ni katika hao, hata kama ni kijana wa miaka ishirini na mitano asiyejua kushika usukani wa mtumbwi.

Tena mwenye kudai tawakkul aangalie tawakkul ya mwenyewe Mtume (S.A.W.). Siku ya Uhud, rai yake ilikuwa wabakie Madina, wengi wakataka watoke, akawafuata. Alivaa deraya mbili, moja juu ya nyengine. Je, imani yake ilipungua kwa ile ya pili? Akawaweka wapiga mishale hamsini juu ya kilima, mkubwa wao Abdullah bin Jubayr, akawaamrisha wasiondoke hata wakiona nini. Walipoona ngawira, wengi wao waliteremka, na Abdullah akibaki anawakataza. Maadui wakazunguka kwa pale palipoachwa wazi, Waislamu sabini wakauawa shahidi, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni. Hawa hawakuwa watu dhaifu wa imani, walikuwa Masahaba. Walikhalifu amri ya mkubwa wao katika jambo la haki na la maarifa, na kumtegemea Mungu kwao hakukukiziba kilima kilichoachwa wazi.

Na baada ya msiba huo ndipo ilipoteremka aya ya 159 ya Suratu Aali Imraan. Mtu angetazamia kuwa Mtume ataambiwa: usiwashauri tena, umeona walikokupeleka. La! Ameambiwa awasamehe, awaombee maghufira, na awashauri katika mambo. Na akishaazimia, amtegemee Mwenyezi Mungu. Itazame safu ilivyopangwa. Shauri limetangulia, ikafuata azma, kisha ndiyo tawakkul. Ndugu zetu wa barazani wanaianza safu mwishoni, tena wanaishia pale pale.

Sayyidna Umar (R.A.) alilifahamu hili vyema. Alipokuwa njiani kwenda Sham akafika Sargh, alipewa khabari kuwa huko kumeingia tauni. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina wa mwanzo, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, wakakhitalifiana vile vile. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakawa na neno moja kuwa arejee na watu. Akaamua kurejea. Abu Ubayda (R.A.), naye ni nani katika wacha Mungu, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jibu la Umar lilikuwa kwamba naam, wanaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mchungaji aliyeteremka bonde lenye ng'ambo mbili, moja ya majani na moja kavu, kwamba popote atakapochunga amechunga kwa kadari. Baadaye akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.) na hadithi ya Mtume kuwa nchi iliyoingia tauni haiingiwi, wala aliyemo haikimbii. Umar akamshukuru Mungu, akarejea. Basi mwambie nahodha wako: hata kubaki Kilindoni ni kadari.

Haya, huyo nimemaliza naye. Najua sasa yule wa pili amekwishakaa sawa, anatabasamu, anadhani nimemsaidia. Na asubiri.

Huyu ndiye mwenye kuisoma aya ya 59 akaikata katikati. Husoma mtiini Mungu, mtiini Mtume, na wenye mamlaka, kisha huvuta pumzi akashuka mimbarini. Aya haikuishia hapo. Inaendelea kusema kuwa tukizozana katika jambo, tulirejeshe kwa Mwenyezi Mungu na Mtume, ikiwa tunamwamini Mungu na Siku ya Mwisho. Tukizozana na nani? Na hao hao wenye mamlaka! Lau raia asingekuwa na haki ya kuzozana na mkubwa wake, maneno hayo yangekuwa na kazi gani? Na wanavyuoni wa tafsiri wameonyesha jambo jengine: neno "mtiini" limekaririwa kwa Mungu, likakaririwa kwa Mtume, halikukaririwa kwa wenye mamlaka. Utiifu wao umefungwa nyuma ya ule wa mwanzo kama mashua iliyofungwa nyuma ya jahazi: inakwenda maadam jahazi linakwenda.

Na kabla ya ya 59 iko ya 58, ambayo khatibu huyu hukupitisha kama kwamba imechanika. Humo Mwenyezi Mungu anaamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe, na mwenye kuhukumu baina ya watu ahukumu kwa uadilifu. Zamu ya mkubwa imetangulia. Ameamrishwa yeye kwanza, kisha sisi. Mkubwa aliyekula amana, naye anataka utiifu wa aya inayofuata, ni mfano wa mtu aliyeruka rakaa ya kwanza akadai thawabu ya jamaa.

Mnataka kujua mpaka wa utiifu uko wapi? Uko katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwa Sayyidna Ali (R.A.). Mtume alipeleka kikosi na kukipa mkubwa katika Ansari, akawaamrisha wamtii. Njiani yule mkubwa akaghadhibika nao. Akawaambia wakusanye kuni, wakakusanya. Wawashe moto, wakawasha. Kisha akawaamrisha wauingie. Wakatazamana. Baadhi yao wakasema: sisi tulimkimbilia Mtume kwa kuukimbia moto. Wakasimama hivyo hata moto ukafifia na ghadhabu zake zikatulia. Khabari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alisema kuwa lau wangeuingia wasingetoka humo kamwe, na kuwa utiifu ni katika mema tu. Wala hakuwalaumu waliosita. Na Sayyidna Abubakar (R.A.), siku aliyotawalishwa, aliwaambia watu waziwazi wamtii maadam yeye anamtii Mungu, na akipotoka wamwelekeze. Sasa ewe khatibu, mkubwa wako wewe ni mbora kuliko Abubakar?

Sisi watu wa Mafia tungekuwa wa kwanza kuijua khatari hii. Wazee husimulia uadui wa Kisimani na Kua: kwamba watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakaalika watu wa Kua, na siku ya kulishua wakawalaza watoto wa wageni njiani, jahazi likapita juu yao. Na watu wa Kua wakangoja, wakaalika watu wa Kisimani harusini, wakawajengea ukuta wakiwa ndani. Ni masimulizi, lakini magofu ya Kua yapo Juani kila mtu ayaone, na Kisimani imeliwa na bahari. Mimi katika kisa hicho huwa sijiulizi habari za wale wakubwa. Hujiuliza habari za wale waliovuta kamba za jahazi. Walikuwa wangapi? Wote hao waliambiwa vuta, wakavuta. Aya ya 67 ya Suratul-Ahzaab imetupa khabari ya watu watakaolia motoni kuwa waliwatii mabwana zao na wakubwa wao, wakawapoteza njia. Na ile ya 113 ya Suratu Huud inatuonya tusiwaelemee madhalimu, moto usije ukatugusa. Kutii kumewapa udhuru gani?

Baina ya wawili hawa yuko wa tatu, naye ndiye mbaya wao. Huyu huchukua tawakkul ya yule wa kwanza akamvika nayo mkubwa wa yule wa pili. Utamjua kwa neno lake: "Kazi ya Mungu haina makosa."

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi. Ilikuwa imepakia kupita kiasi kilichoruhusiwa. Mamia wakafa, jamaa zetu wengi wamo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria. Kiliruhusiwa watu 101, na waliokufa tu walipita 220. Katika misiba kama hiyo neno lilikuwa hilo hilo: kazi ya Mungu. Naam, roho huchukuliwa na Mungu. Lakini tikiti ya mia moja na mbili ilikatwa na Mungu? Kamba ilifunguliwa gatini na malaika? Tunamwambia mfiwa asubiri, na hilo ni haki yake kuambiwa. Aliyepakia haambiwi asubiri, huyo huulizwa. Kumtwisha Mola mzigo wa mwenye meli na wa mkaguzi aliyegeuza uso, kisha tukauita mzigo huo tawakkul, ni utovu wa adabu mbele Yake.

Na jinsi wawili hawa wanavyobadilishana nguo, tuliona wakati wa korona. Aprili 2020 marehemu Rais John Magufuli aliwaomba Watanzania siku tatu za maombi. Kuomba ni ibada, na aliyeomba hakukosea. Lakini muda si mrefu baadaye hesabu za wagonjwa zilikoma kutangazwa, zikiwa 509, na Juni ikatangazwa kuwa nchi imeepukana na maradhi hayo kwa maombi. Saudia, wenye Makka na Madina, walikuwa wamesimamisha umra tangu Februari, na hija ya mwaka ule, 1441, ikahudhuriwa na watu wachache mno waliokuwa tayari nchini kwao. Kwetu, aliyeuliza hesabu aliambiwa mambo mawili kwa pamoja: mtegemee Mungu, na mtii mkubwa. Mwezi wa Februari 2021 tukampoteza Maalim Seif Sharif Hamad, na chama chake kilikuwa kimekwishatangaza kuwa ana maradhi yale yale. Kisha tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua chanjo. Hapo ndipo nilipowasikia kwa masikio yangu watu waliotuhubiria aya ya 59 mwaka 2020 wakituhubiria ya Talaaq mwaka 2021: ati chanjo ya nini, Mungu anatosha! Mwenye mamlaka wa mwaka mmoja hutiiwa, wa mwaka wa pili hatiiwi? Hawa hawafuati aya yoyote. Wameamua kwanza, kisha wakaingia katika Msahafu kutafuta shahidi.

Nakwambia wewe hasa, mama mwenye mwana baharini, na wewe unayevuka baina ya Kilindoni na Nyamisati na watoto wako wawili na tenga la samaki. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakisema msitoke, usimfungulie mwanao mlango, hata akikusomea Qur'ani. Na siku bahari ni shwari, ukakuta chombo kimeshiba na bado watu wanapandishwa, una haki ya kushuka, na una haki ya kumwuliza nahodha watu wangapi wameruhusiwa na majaketi ya kuokolea yako wapi. Ukimwuliza hukuasi mwenye mamlaka. Aliyeasi ni yeye, kwa kuwa ile idadi iliyoandikwa ubavuni mwa chombo ndiyo amri ya mamlaka. Akikujibu "tawakkali, mama", mwambie umekwishatawakali tangu nyumbani, sasa unasubiri kuonyeshwa majaketi.

Na wewe khatibu mwenzangu, Ijumaa utakapoisoma tena aya ya 59, nakuomba uanzie ile ya 58, na usivute pumzi mpaka mwisho wa ya 59. Ukipata nafasi, wasomee na ya 83.